Watu 765,179, tiketi ngapi? Namna ya kupima soko la timu Dodoma kwa somo la hoki ya barafu

Mji wa Winnipeg nchini Kanada ulihesabiwa mwaka 2021 ukakutwa na watu 749,607. Jiji la Dodoma lilihesabiwa mwaka uliofuata, kwenye Sensa ya 2022, likakutwa na watu 765,179. Kwa vichwa, Dodoma imeipita Winnipeg. Hata hivyo Winnipeg ina timu ya hoki ya barafu, Winnipeg Jets, inayocheza ligi kubwa kuliko zote za mchezo huo, NHL, na kila msimu inafungua milango zaidi ya mara 40 kwenye ukumbi wenye viti zaidi kidogo ya 15,000. Walima Zabibu wa Dodoma Jiji, timu ya soka ya jiji, wana mechi 15 za ligi nyumbani, na aliyewahi kukaa Uwanja wa Jamhuri siku ambayo mgeni si Simba wala Yanga anajua majukwaa yanavyokuwa.

Tofauti hiyo haitokani na wingi wa watu. Inatokana na soko, na soko hupimwa. Mwongozo huu ni wa katibu wa tawi la mashabiki, ofisa wa klabu anayeandaa bajeti, na diwani anayeulizwa kila mwaka kwa nini fedha za jiji ziende kwenye mpira. Hoki ya barafu tumeitumia kwa sababu ligi yake imepambana na tatizo la mji mdogo kwa miongo mingi, hadharani: timu zimehama, zimefilisika, nyingine zimerudi zilikotoka. Ligi hiyo ina timu 32, 25 za Marekani na 7 za Kanada. Kila upande huwa na wachezaji sita kwenye barafu, kipa akiwamo, wakigombea kisahani kigumu cha raba kwa magongo. Kwa hesabu zetu, hayo yanatosha kujua kuhusu mchezo wenyewe.

Soko lina ngazi nne

Waliohesabiwa kwenye sensa ni ngazi ya kwanza tu. Ngazi ya pili ni wanaoweza kufika uwanjani na kurudi kwao siku hiyohiyo. Ya tatu ni wale ambao, wakishafika, wana fedha ya kiingilio na nauli bila kugusa fedha ya unga. Ya nne ndiyo inayolisha timu: wanaorudi. Kwa Dodoma tunapendekeza kipimo kimoja kisichobadilishwa mwaka hadi mwaka, yaani mtu aliyelipa mechi tatu kati ya nne za mwisho za nyumbani, ukiziondoa za Simba na Yanga.

Kuziondoa mbili hizo ndiko kunakouma, na ndiko viongozi wengi wanakokwepa. Siku Yanga wanapokuja Jamhuri, uwanja hujaa watu wa Singida, Iringa, Morogoro na vijiji vyote vya Ugogoni, lakini wengi wamevaa kijani na njano. Hao ni soko la Yanga lililopita Dodoma kwa saa mbili. Ukiwahesabu kama wako utapanga bajeti ya mshahara ambayo Februari haitalipika.

Phoenix, Arizona, inaonyesha ngazi hizi zinavyoachana. Ni eneo la watu wanaokaribia milioni tano. Timu ya hoki ilihamia huko mwaka 1996, na baadaye ikawekwa kwenye ukumbi wa Glendale, upande wa magharibi, huku sehemu kubwa ya wenye uwezo wa kununua tiketi wakikaa mashariki. Jioni ya siku ya kazi safari hiyo ilikuwa kero. Mwaka 2009 timu ikaomba mahakamani ulinzi wa mufilisi dhidi ya wanaoidai. Mwaka 2022 ikaondoka Glendale na kuchezea ukumbi wa chuo kikuu wenye viti kama 5,000 tu. Mwaka 2023 wapigakura wa Tempe wakaukataa mpango wa ukumbi mpya, na mwaka 2024 wachezaji wakahamishiwa Salt Lake City, mji ambao kwa watu ni mdogo sana kuliko Phoenix.

Kwa hiyo unapopigia hesabu Jamhuri, kumbuka kuwa kukaa kwake katikati ya mji ni mtaji. Kila pendekezo la kuhamishia mechi pembeni lipimwe kwa nauli na dakika kabla ya kupimwa kwa uzuri wa viti.

Chora ramani ya dakika, usichore ya mipaka

Mkoa mzima una watu 3,085,625, na ndiyo tarakimu inayopenda kuandikwa kwenye barua za kuomba udhamini. Mdhamini makini ataiona haina kazi. Kondoa iko kama kilomita 160 kutoka mjini. Mechi ikianza saa 10 jioni inaisha karibu saa 12, na mtu wa Kondoa anafika kwake usiku mkubwa. Atakuja mara moja kwa msimu, na mara hiyo atachagua mechi ya Simba.

Chukua karatasi, weka Jamhuri katikati, kisha andika majina ya kata na miji kwa muda wa safari ya daladala au bodaboda siku ya mechi, si siku ya Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu. Duara la kwanza ni dakika 30: Makole, Viwandani, Majengo, Chang'ombe, Kikuyu, Miyuji, Ipagala na jirani zao. Duara la pili ni mpaka saa moja: Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, Msalato, Zuzu. Duara la tatu ni watu wa gari la kukodi kwa kikundi: Chamwino, Bahi, Kongwa, Kibaigwa. Mpwapwa na Kondoa ziandike pembeni kama wageni wa mara chache.

Kisha ipitie ramani hiyo kwa saa ya mechi, kwa sababu duara hubadilika. Saa za kazi serikalini huisha saa 9:30 alasiri. Mtumishi wa Mji wa Serikali Mtumba mwenye mechi ya saa 10 jioni siku ya Jumatano amebakiwa na nusu saa ya kutoka ofisini, kupata usafiri wa kilomita kama 17, kununua tiketi na kupita ukaguzi. Hatafika kabla ya dakika ya 20, na akifika mara mbili akakuta bao limeshafungwa, ya tatu atakwenda kuangalia kwenye kibanda umiza. Kwa mechi za katikati ya wiki, mtoe mtu wa Mtumba kwenye duara la pili. Wikiendi mrudishe, ila ukijua kwamba tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma katikati ya mwaka 2024, mtumishi ambaye familia yake bado iko Dar es Salaam ana njia rahisi ya kuondoka Ijumaa jioni.

Dodoso la watu 410

Jiji la Dodoma lina kata 41. Hoji watu 10 kila kata, wenye miaka 18 na zaidi, upate 410. Kwa sampuli ya ukubwa huo iliyochaguliwa bila upendeleo, jibu la asilimia 50 hubeba kosa la kama asilimia 5 juu au chini. Hilo linatosha kwa maamuzi ya klabu, na vijana wanne wenye simu wanaimaliza kazi ndani ya wiki moja. Kwa kuwa kata hazilingani kwa watu, ukishamaliza zidisha jibu la kila kata kwa idadi ya watu wake kwenye sensa ndipo ujumlishe. Usipofanya hivyo, kata ya pembezoni yenye watu wachache itapata sauti sawa na Nzuguni.

Usiwahojie uwanjani. Utawakuta waliokuja tu, na dodoso litakuambia kwamba Dodoma nzima inapenda timu. Usiwahojie wote kijiweni pia, maana kijiwe ni cha wanaume. Nenda kituo cha daladala, kwenye genge la mboga, kwenye foleni ya maji, nje ya kanisa na msikiti, Soko la Majengo na Machinga Complex.

Swali la kuepuka ni hili: "Je, wewe ni shabiki wa timu ya nyumbani?" Kila mtu atasema ndiyo kwa heshima ya aliyeuliza. Uliza mambo yaliyokwisha kufanyika:

1. Mara ya mwisho kuingia Jamhuri kuangalia mpira ilikuwa mechi gani?
2. Ulilipa shilingi ngapi mlangoni, na nauli kwenda na kurudi?
3. Ulikwenda na nani?
4. Tangu hapo umeingia mechi nyingine ngapi, na wageni walikuwa akina nani?
5. Mechi ambayo hukwenda, uliiangalia wapi?

Swali la tano ndilo lenye dhahabu. Anayesema "nyumbani kwa king'amuzi" na anayesema "sikuiangalia kabisa" wote hawakulipa mlangoni, lakini dawa zao ni tofauti. Wa kwanza anaijua timu, kwa hiyo kinachomzuia ni nauli, saa au usumbufu wa kuingia. Wa pili hajafikiwa bado, na kumpunguzia kiingilio hakutamleta.

Tuchukue mfano wa hesabu (tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si matokeo ya Dodoma). Kati ya watu 410, 150 wamewahi kuingia Jamhuri, 45 wameingia mechi isiyo ya Simba wala Yanga, na 12 wametimiza kipimo cha tatu kati ya nne. 12 gawanya kwa 410 ni karibu asilimia 2.9. Ukisema jiji lina watu wazima 400,000, unapata wanaorudi kama 11,700. Hapo usishangilie. Kwa idadi ndogo kama 12, ukweli unaweza kuwa mahali popote kati ya asilimia 1.5 na 5, yaani watu 6,000 mpaka 20,000. Isitoshe, watu hukuza mahudhurio yao bila kukusudia uongo. Ndiyo maana hatua inayofuata ni ya lazima.

Mlango ndio rula

Chukua taarifa za mauzo ya tiketi za mechi zote za nyumbani za misimu miwili. Ziandike kwenye safu: tarehe, siku ya wiki, saa, mgeni, nafasi ya timu kwenye msimamo siku hiyo, tiketi zilizouzwa kwa kila daraja, na walioingia bure. Hao wa bure wahesabiwe kwa mita ya mkono mlangoni, maana wasipohesabiwa utabaki ukilinganisha jukwaa unaloliona kwa macho na tiketi usizozikuta kwenye kitabu.

Panga mechi kuanzia yenye watu wachache hadi yenye wengi, kisha tazama ile ya katikati. Usitumie wastani. Mechi mbili za wakubwa zinatosha kuvuta wastani juu hadi usifanane na siku yoyote halisi ya msimu. Dodoso likikupa 11,700 na mechi ya katikati ikiwa na tiketi 2,000, amini 2,000. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo kazi yako ya msimu ujao: hao ni watu wanaojiona mashabiki na hawajalipa.

Kwenye fedha kuna kosa moja linalojirudia. Tiketi 2,000 za shilingi 5,000 ni shilingi milioni 10, na ndani yake mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kodi hiyo haitolewi kwa kukata asilimia 18 ya milioni 10. Gawanya kwa 1.18, unapata 8,474,576. Kutoka hapo toa makato ya uwanja na ya vyombo vya mpira kama yalivyoandikwa kwenye taarifa ya mapato ya mchezo, kisha gharama za siku: ulinzi, gari la wagonjwa, usafi, waokota mipira, mfumo wa tiketi. Kinachobaki ndicho mapato. Fanya hivyo kwa mechi 13 za kawaida peke yake, ndipo uandike Simba na Yanga kwenye ukurasa wa pili. Mishahara ipangwe kwa ukurasa wa kwanza na vyanzo vya uhakika. Ukurasa wa pili uwe wa madeni, vifaa na timu za vijana.

Ukubwa wa soko unaifanyia nini timu

Hoki iliumia hapa kabla haijajitibu. Mwaka 1988 Edmonton, mji wa ukubwa wa kati wa Kanada ya magharibi, iliwapa Los Angeles mchezaji aliyekuwa bora kuliko wote duniani, Wayne Gretzky, na ndani ya biashara hiyo kulikuwa na dola milioni 15 taslimu. Katikati ya miaka ya 1990 Quebec ikapoteza timu yake kwenda Denver (1995), Winnipeg ikapoteza yake kwenda Phoenix (1996), Hartford ikapoteza yake kwenda Carolina (1997). Watu wa Quebec waliumia maradufu, kwa sababu mwaka 1996, msimu wa kwanza tu Denver, timu hiyo ilibeba kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL. Timu za Kanada zilikuwa na mzigo wa ziada pia: tiketi ziliuzwa kwa dola ya Kanada, mishahara ikalipwa kwa dola ya Marekani.

Tiba ilikuja baada ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji uliofuta msimu mzima wa 2004/05. Ligi ikaweka kikomo cha mishahara, dola milioni 39 kwa timu kwa msimu uliofuata. Kikomo hicho kimepanda hadi milioni 95.5 msimu wa 2025/26, na kuna kiwango cha chini pia, milioni 70.6, ambacho hakuna timu inayoruhusiwa kushuka chini yake. Timu zenye kipato kikubwa huchangia zenye kipato kidogo. Kwa hiyo Toronto, yenye watu zaidi ya milioni sita kwenye eneo lake na ukumbi unaojaa miaka nenda miaka rudi, haiwezi kulipa mara tano ya Winnipeg. Na Toronto haijabeba kombe tangu 1967. Soko kubwa bila kikomo lingeweza kununua wachezaji wote. Likiwekewa kikomo, linabaki kutegemea akili ya wanaosajili kama wengine.

Ligi Kuu yetu haina kikomo cha namna hiyo. Kinachofanana na mgawo ni fedha za televisheni: mkataba wa mwaka 2021 kati ya TFF na Azam Media ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ukiugawa kibubusa kwa miaka 10 na timu 16 utapata shilingi bilioni 1.41 kwa timu kwa mwaka, lakini usiiandike hiyo kwenye bajeti. Mgawo halisi hufuata mwaka wa mkataba na nafasi uliyomalizia. Andika kiasi cha timu iliyomaliza nafasi mbili chini ya lengo lako. Ukimaliza juu, ziada ipo; ukimaliza chini, hujavunjika.

Bila kikomo, timu ya soko dogo hujilinda kwa mikataba. Mchezaji wa miaka 20 anayefunga mabao msimu huu mpe mkataba wa miaka mitatu, na uongezwe ukibakiwa na miezi 18, si miezi sita. Kuanzia miezi sita ya mwisho yuko huru kuzungumza na klabu nyingine, na wakubwa wa Dar es Salaam wanaijua kalenda hiyo kuliko unavyoijua wewe. Timu ya soko dogo haiwezi kuzuia mchezaji asiondoke; inaweza kuhakikisha ameondoka kwa fedha.

Kuna fedha nyingine inayopotea kwa uzembe wa karatasi. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya 12 na 15 huleta asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kati ya 16 na 23 huleta asilimia 0.5. Kijana uliyekaa naye misimu minne kuanzia 16 akiuzwa nje kwa dola 300,000, stahiki yako ni asilimia 2, yaani dola 6,000, hata kama siku anauzwa alikuwa klabu nyingine. Sharti ni kwamba usajili wake uwe kwenye mfumo kwa kila msimu. Kijana aliyecheza kwako miaka miwili bila kusajiliwa ni kijana ambaye kikanuni hukumlea. Kila Agosti, kabla dirisha halijafungwa, kaa na orodha ya timu za vijana na ulinganishe jina kwa jina, tarehe ya kuzaliwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Herufi moja ikitofautiana na cheti, dai hukwama.

Na mashabiki je?

Kwenye soko kubwa shabiki hulipa kwa bei: Toronto tiketi ni ghali na adimu. Kwenye soko dogo shabiki hulipa kwa wasiwasi. Watu wa ukanda huu wa kati hawahitaji kusimuliwa habari za Quebec kwa mbali. Singida United ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018, na ikashuka msimu wa 2019/20. Mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Singida wakapata timu, Mbarali wakabaki na uwanja. Shabiki anayeona haya hujizuia kupenda mapema, anasubiri aone kama timu itakuwapo mwakani, na kusubiri kwake ndiko kunakopunguza tiketi.

Ndiyo sababu jambo la kwanza shabiki anapaswa kuuliza kuhusu timu yake ni nani anailipia ikifungwa mechi sita mfululizo. Timu ya kampuni hulipiwa na kiwanda. Timu ya tajiri hulipiwa na tajiri hadi atakapochoka. Timu iliyolelewa na halmashauri, kama Dodoma Jiji, huutegemea mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, na maombi yake yasipoingia kwenye vikao vya bajeti mapema, hakuna huruma ya Agosti itakayoyaokoa. Kila njia ina udhaifu wake. Sisi tunaona ya halmashauri ina faida moja kubwa, kwamba timu haiwezi kubebwa usiku kwenda mkoa mwingine. Lakini ina hatari ya mashabiki kuiona ni ya ofisi, si yao.

Kuwahamisha kutoka kushangilia hadi kulipa

Winnipeg walipopata nafasi ya kurejeshewa timu mwaka 2011, kutoka Atlanta, walipimwa kwa tiketi. Waliweka lengo la kadi za msimu 13,000, mnunuzi akijifunga kwa miaka mitatu hadi mitano kulingana na eneo la kiti. Ziliisha ndani ya siku chache. Lakini sikiliza na upande wa pili: zaidi ya miaka kumi baadaye, mwaka 2023, kadi zilikuwa zimeshuka hadi kama 9,500, na mwanzoni mwa 2024 mmiliki akasema waziwazi kuwa kiwango hicho hakitaibeba timu kwa muda mrefu. Mji ule hauna makao makuu mengi ya kampuni kama Toronto au Calgary, kwa hiyo kadi nyingi zilikuwa za watu na familia, na familia zikibanwa hupunguza.

Kwa Dodoma, kadi ya msimu inaweza kupangwa hivi. Tuseme kiingilio cha kawaida ni shilingi 5,000. Mechi 13 za kawaida ni shilingi 65,000. Uza kadi kwa 52,000, ikilipwa kwa simu mara nne za 13,000, ya kwanza kabla ya mechi ya ufunguzi. Usiweke Simba na Yanga ndani ya kadi. Ukiziweka, watu watanunua kadi kwa ajili ya hizo mbili, wataziuza mlangoni kwa bei ya juu, na viti vyako vya mechi 13 vitabaki vitupu vikiwa vimeshalipiwa kwa punguzo. Badala yake mpe mwenye kadi haki ya kununua kwanza tiketi ya mechi hizo, kwa sharti kwamba kadi yake imesomwa mlangoni angalau mara sita. Tangaza idadi ya kadi kila Jumatatu, hata kama ni 140. Namba ndogo inayotangazwa bila kuficha huwafanya watu waanze kuihesabu wenyewe.

Kwa duara la tatu, kazi ni ya matawi. Tuseme Kosta ya viti 28 kutoka Bahi kwenda na kurudi inakodiwa kwa shilingi 150,000. Ikijaa, kila mtu ni 5,360. Wakija 18, ni 8,340, na ugomvi huanzia hapohapo stendi. Kusanya nauli na kiingilio pamoja, mwisho Jumatano kwa mechi ya Jumamosi. Wasipofika 24 ghairi gari na urudishe fedha siku hiyohiyo. Tawi linalorudisha fedha bila kusumbua hupata watu wengi zaidi safari inayofuata. Gari la matangazo lipite mnadani siku ya mnada, na atangaze anayejua Kigogo. Salamu moja ya "Mbukwenyi" kwenye kipaza sauti huwaambia watu kwamba hii ni timu ya kwao.

Wadhamini nao wafuate hesabu hiyohiyo ya soko dogo. Makao makuu ya kampuni nyingi kubwa bado yako Dar es Salaam, na kwao Jamhuri ni bango moja kati ya mengi. Tafuta kumi wa shilingi milioni 3 kabla ya kumtafuta mmoja wa milioni 30: hoteli, hospitali binafsi, wakandarasi, wenye mashine za alizeti, wafanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa, viwanda vya mvinyo. Mmoja akijitoa umepoteza sehemu ya kumi. Barua yako iwe ya ukurasa mmoja, yenye tiketi za mechi ya katikati, idadi ya mechi, na picha ya bango ilivyoonekana kwenye televisheni. Mkulima na mfanyabiashara wa mazao mwendee Juni na Julai akiwa ameshauza, si Januari akinunua mbegu.

Lini kupima tena

Dodoso lirudiwe kila mwaka, wiki zilezile, ama sivyo utakuwa unapima kalenda badala ya soko. Wiki nzuri ni za kati ya Februari na Machi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti huujaza mji wageni wenye fedha, na mahudhurio hupanda kwa watu ambao Julai hawatakuwapo. Likizo ndefu ya vyuo, UDOM ikiwa ya kwanza, huondoa maelfu ya vijana ambao ndio wepesi kuja kwa miguu au bodaboda. Hoji siku za wiki na Jumamosi, watu watano kwa watano kila kata, na usihoji ndani ya siku tatu baada ya mechi ya Simba au Yanga kuchezwa Jamhuri, kwa sababu siku hizo kila mtu atakuambia alikuwapo.